Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuzo Ambayo Hatukuitoa

Ndugu wanachama,

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, na mkaguzi ameshazipitia, kwa hiyo sitazigusa. Nitawakumbusha tu kuwa ada za uanachama hazijilipi zenyewe. Vikao vyote vya Kamati Tendaji vilifanyika na akidi ilitimia. Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo lililotukesha: tuzo ya mtafiti bora.

Mkutano uliopita mlituagiza tumpate mshindi kwa vigezo vinavyopimika. Tukatii. Tulichukua faharasa ya h, kipimo cha jinsi kazi za mtafiti zinavyonukuliwa, yaani kutajwa katika makala za wengine, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Kama zimenukuliwa mara 40, 12, 6, 3 na 1, faharasa yako ni 3: makala tatu za kwanza zimefikisha manukuu matatu au zaidi, lakini ya nne haikufikisha manne. Hata ile ya 40 ingenukuliwa mara elfu nne, ungebaki na 3 yako. Wengi tumekuwa tukiiandika namba hiyo kwenye wasifu bila kulijua hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mambo yakaharibikia kwenye majina. Sisi tuna majina matatu, na kila jarida hukata linapotaka. Mwanachama mmoja tulimkuta kama watu watatu tofauti, kwa sababu jina la baba lilichukuliwa kuwa la ukoo, kisha la babu, kisha akaolewa. Mwingine alikuwa amebeba makala za mtu wa nchi nyingine kabisa anayefanana naye jina, wala hakuwa na haraka ya kuzirudisha. Halafu kati ya hifadhidata mbili zinazohesabu manukuu, Google Scholar ikatupa namba moja na Scopus nyingine, ndogo zaidi, kwa mtafiti yuleyule siku ileile. Sababu ni kwamba ya kwanza huhesabu hata tasnifu na makala ambazo hazijahakikiwa. Ndipo nikawaomba wote mjisajili ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti. Ni bure, na tarakimu zake 16 hazijali umeolewa au la.

Haya yanarekebishika. Lililotugawa ni swali la nini hasa tunakipima. Makala inayotajwa kuwa imenukuliwa kuliko zote duniani ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, yenye manukuu zaidi ya 300,000. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini. Ni mbinu nzuri, na baadhi yetu tumeitumia, lakini hakuna atakayesema ndiyo ugunduzi mkubwa kuliko wote wa karne.

Kwa upande mwingine, tazameni chikungunya, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu. Mlipuko ulitokea uwanda wa Makonde mwaka 1952 hadi 1953. Daktari Marion Robinson akaeleza dalili zake katika makala ya mwaka 1955, na W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ulivyoenea. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Kwa miongo mingi kazi hizo zilisomwa na wachache. Ukaja mlipuko wa Lamu mwaka 2004, ukafuata wa kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, ulioambukiza takriban theluthi ya wakazi, na kila aliyeandika kuhusu kirusi hicho akawa anarudi kwenye kazi hizo za Newala, huko uwanda wa Makonde. Makala haikubadilika hata nukta. Kamati kama yetu, mwaka 1965, ingemnyima Robinson tuzo bila kusita.

Kuna hili pia, na nalisema kwa uchungu kidogo: wateknolojia wa maabara. Mtu anakaa kwenye hadubini akihesabu vimelea slaidi baada ya slaidi, halafu jina lake linaishia kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Faharasa yake ni sifuri. Wakati huohuo yupo bosi ambaye jina lake limo kila makala inayotoka idarani, hata zile ambazo nina shaka kama alizisoma.

Basi tuzo haikutolewa. Najua wapo waliokasirika, na aliyekuwa anaongoza kwa namba ana haki ya kukasirika, nimeongea naye. Azimio la tathmini ya utafiti lililotungwa San Francisco Desemba 2012 lilishaonya dhidi ya kumpima mtafiti kwa hadhi ya jarida alimochapisha. Sisi tunakwenda mbele kidogo. Kamati inapendekeza kila mgombea alete makala tatu anazozichagua mwenyewe, aeleze kwa nusu ukurasa yeye binafsi alifanya nini, na wanachama watatu wazisome kweli. Manukuu yatatazamwa, ila mwishoni, na kwa kulinganisha watu wa fani moja na umri mmoja wa kazi. Tunapendekeza pia tuzo ya pili, ya mteknolojia.

Kusoma kutachukua wikiendi za watu, kwa hiyo tunahitaji majina ya wasomaji kabla ya chakula cha mchana. Karatasi iko kwa katibu.

Naomba kuwasilisha.