Helmeti ya Mbio Inakukinga na Nini Hasa?

Wateja wanaojiandaa kwa motokrosi (mbio za pikipiki kwenye njia za udongo) pale Jamhuri hutuuliza swali lilelile: nikilipa bei yote hiyo ya helmeti, ubongo wangu utakuwa salama? Jibu letu huwachosha kidogo, kwa sababu linaanzia kwenye fuvu.

Fuvu linakingwa vizuri. Ganda la nje husambaza kishindo, kisha povu gumu jeupe la ndani, kama lile linalokuja na runinga mpya, hubonyea na kukimeza. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikadiria kuwa helmeti za pikipiki hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42.

Ubongo ni habari nyingine. Umezungukwa na majimaji, na mtu akianguka kimshazari kichwa huzungushwa ghafla. Ubongo huchelewa kukifuata, nyuzi za neva zikavutika na hata kukatika, ilhali fuvu halina ufa. Jules Bianchi, dereva wa magari ya mbio, alipata jeraha la aina hiyo kwenye mbio za Suzuka, Japani, mwaka 2014, na alikuwa na helmeti ya Formula 1 kichwani. Alifariki mwaka uliofuata.

Ndiyo maana tunaagiza zenye kiwango cha ECE 22.06, kiwango cha usalama wa helmeti cha Umoja wa Mataifa, kilichoongeza kipimo cha kichwa kuzungushwa ambacho toleo lililotangulia, 22.05, halikuwa nacho. Tazama lebo ya kitambaa iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu: namba ya idhini ianze na 06. Hata hivyo, atakayekuapia kwamba yake inazuia kabisa mtikisiko wa ubongo anakuuzia maneno.

Kinachotuudhi ni watu kuchagua saizi kubwa "ili kichwa kipumue". Ivae, funga mkanda, shika sehemu ya kidevu uizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu ifuate. Helmeti ikizunguka peke yake, shuka saizi moja, hata kama rangi uliyoipenda imeisha.

Povu lililobonyea halirudi, na mara nyingi ganda la nje halionyeshi kitu. Kwa hiyo helmeti iliyoanguka na kichwa ndani hatuikarabati wala hatuipaki rangi, hata ukituongezea pesa. Na ukianguka ukasikia kichefuchefu, kizunguzungu, au usikumbuke ulivyoanguka, anzia hospitali. Duka tunafunga saa kumi na mbili jioni, na kesho tutafungua tena.