Mlango wa klabu yetu

Kampala

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Ntinda; sisi sote hatujambo, na natumaini wewe na jamaa yako huko Mbale hamjambo pia. Umeniuliza kama inafaa ujiunge na klabu yetu ya wapenzi wa sanaa, nami nakujibu kwamba nakuhitaji mno, kwa sababu mwisho wa mwezi tutapiga kura kuhusu jambo linaloninyima usingizi.

Wenzetu kadhaa wanataka asiye mwanachama asikanyage hata chumba cha maonyesho. Jumamosi iliyopita tulitundika picha zilizochorwa juu ya magome ya mtuba, mti ambao gome lake hupondwa likawa kitambaa, na mama aliyeyashona magome yale akaja na mwanawe kuyaona. Mlinzi akamwomba kadi. Nilipofika getini alikuwa ameshageuka, na kidole chake cha shahada bado kilikuwa na alama za sindano. Nilimwita, tukaingia pamoja, akamwonyesha mtoto kiraka alichokishona kwa rafia mahali gome lilipokuwa limetoboka, kiraka ambacho mchoraji alikuwa amekigeuza kuwa jua.

Sipingi uanachama, ndugu yangu. Ada ndiyo inayolipa pango, na mchoraji huthubutu kuonyesha kazi ambayo haijakamilika anapojua kwamba waliomzunguka ni watu wake, ambao watamwambia ukweli bila kumwaibisha. Faragha ya namna hiyo naitetea. Lakini faragha ya mazungumzo ni kitu kimoja, na kuzificha picha ni kingine kabisa.

Tazama Arts Club of Chicago, huko Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1916. Ni klabu ya watu binafsi, yenye chumba cha kulia cha wanachama, na hata hivyo maonyesho yake hutazamwa na yeyote bila kiingilio. Mwaka 1927 ilionyesha sanamu za mchongaji Brancusi, zikapangwa ukumbini na msanii Marcel Duchamp, wakati sanaa ya aina hiyo ilikuwa bado ngeni kwa Wamarekani wengi. Ilipohamia jengo lake la sasa mwaka 1997, ilihama na ngazi ya chuma iliyobuniwa na msanifu majengo Mies van der Rohe. Wanaoithamini ngazi kiasi hicho wanajua kutunza mali yao, wala hawakuona kwamba kumkaribisha mpita njia kunaipunguzia klabu heshima.

Na kwetu je? Mafunzo ya sanaa ya Makerere yalianzia mwaka 1937 katika baraza ya nyumba ya mwalimu wa sanaa Margaret Trowell. Baraza, ndugu yangu, si chumba cha ndani!

Lipa ada kabla ya tarehe 20 ili uruhusiwe kupiga kura, kisha uje na ile picha yako ya Mlima Elgon. Yule mama nimemwomba aje tena siku hiyo, na ningependa akukute umesimama nami getini.

Wako akupendaye daima.