Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Namna ya Kumuaga Mwalimu Mkongwe

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati ieleze jinsi chama chetu cha makocha wa vyuo kitakavyowasindikiza wenzetu wanaokaribia kustaafu, na kazi hiyo ndiyo iliyotushughulisha zaidi mwaka huu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba nimzungumzie mwalimu mmoja ambaye kamati ilirejea kwake kila ilipokwama, yaani marehemu Eddie Robinson wa Chuo cha Grambling, Louisiana, nchini Marekani.

Robinson alikabidhiwa timu ya futiboli ya Kimarekani mwaka 1941 akiwa kijana wa miaka 22, akaiacha mwaka 1997 akiwa mzee wa miaka 78, baada ya kushinda michezo 408, kufungwa 165 na kutoka sare 15. Grambling ni chuo cha Wamarekani Weusi, na miaka ile ya ubaguzi alikata nyasi za uwanja kwa mkono wake, akawafunga wachezaji bendeji vifundoni, na safarini akawatengenezea mikate kwa sababu migahawa ya njiani haikuwapokea. Asubuhi alipita bwenini akitikisa kengele ya ng'ombe ili vijana waamke waende darasani. Kwangu mimi, kengele hiyo inaeleza ualimu wake kuliko kombe lolote.

Mwaka 1985 aliipita rekodi ya Bear Bryant, kocha mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Alabama, ya ushindi 323, na Oktoba 1995 akafikisha ushindi wa 400. Hata hivyo, msimu huohuo ulimalizika kwa vipigo vingi kuliko ushindi, na misimu miwili iliyofuata timu ilishinda michezo mitatu tu kila msimu. Sababu moja haikuwa mikononi mwake: vyuo vikubwa vya Kusini mwa Marekani, ambavyo zamani viliwafungia milango vijana Weusi, sasa vilikuwa vikiwagombania.

Mwishoni mwa 1996 ilijulikana kwamba kulikuwa na shinikizo la kumtaka aondoke mara moja. Watu wengi walipinga, gavana wa jimbo akaingilia kati, na mwalimu akapewa msimu mmoja wa kuaga. Kamati ililijadili jambo hili kwa uchungu, kwa sababu muda ule aliupata kwa kelele za watu, ilhali alistahili kuupata kwa mazungumzo ya mapema. Tarehe 29 Novemba 1997, jijini New Orleans, aliongoza mchezo wake wa mwisho na kufungwa na timu ya Chuo Kikuu cha Southern 30 kwa 7.

Lililotufariji ni urithi wake. Timu alikabidhiwa Doug Williams, mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye mwaka 1988 alikuwa mrushaji mkuu (mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu) wa kwanza Mweusi kushinda Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, naye akiwa kocha akatwaa ubingwa wa kanda yao mara tatu mfululizo, kuanzia mwaka 2000 hadi 2002.

Kwa hiyo rasimu iliyo mbele yenu inataka kocha aelezwe misimu miwili kabla, akiwa ameketi mezani pamoja na waajiri wake, na ashiriki kumwandaa mrithi. Mwenzetu mmoja aliyesaidia kuandika kifungu hicho anastaafu mwakani, na ameomba awe wa kwanza kukizungumzia leo.

Mwenyekiti