Bajeti ya nyumbani huku kwetu inaenda kwa msimu, sio kwa mwezi

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na mimi nitoe langu kuhusu hizi programu za kupanga matumizi ya nyumbani, maana siku hizi hapa Dodoma watu wengi wana simu janja, wanapakua app ya bajeti, wanajaza wiki mbili tatu halafu wanaiacha, ukiwauliza wanakwambia hayo ni mambo ya wenye mishahara minono. Mimi sikubali kabisa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu fundi ujenzi, tumepanga Ipagala, na hela yote ya nyumba yetu inapita kwenye programu. Kinachowashinda watu sio programu yenyewe, ni kuipanga kwa mwezi wakati maisha ya huku yanaenda kwa msimu.

App nyingi ukiifungua tu inakuuliza kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi na unatumia ngapi. Sasa chukua familia ya kawaida ya Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza kama Desemba inaishia Aprili, mahindi yanashuka bei baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, nenda Kibaigwa au hata hapo sokoni Majengo utaona, ila ikifika Januari Februari magunia ya watu yameshaisha na shambani bado mabichi, bei inapaa. Kwa hiyo mwenye uwezo ananunua chakula cha mwaka mara moja. Januari hiyohiyo shule zinafunguliwa, ada kwenye shule za serikali ilifutwa tangu 2016 ni kweli, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vipo palepale. Mwenye nyumba naye anataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na fundi analipwa kazi ikiwepo. Mtu wa hivi akijaza app ya mwezi, mwezi wa saba inamwandikia kwa nyekundu kwamba amepitiliza, Januari nyekundu tena, anajiona yeye ndo hawezi hela, anaifuta.

Sisi tunatumia GnuCash. Ni ya bure, ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, inakaa kwenye laptopu na ukishaipakua haikudai bando. Inafuata uhasibu wa pande mbili, yaani kila shilingi lazima useme imetoka wapi na imeenda wapi, na akaunti unazipa majina mwenyewe, zetu zinaitwa Benki, M-Pesa ya Mama, M-Pesa ya Baba, Pochi, Vicoba, Magunia, Shule, Pango. Tuseme unataka gunia nne na gunia ni 75,000, hiyo ni 300,000 kwa mwaka, basi kila mwezi unahamisha 25,000 kuingia Magunia na mwezi wa saba ukinunua hela inatoka humohumo, mboga na nauli ya mwezi ule haziguswi. Na kwenye bajeti yake unaweza kuweka kiasi tofauti kila mwezi, Januari ikawa kubwa, Machi ikawa ndogo, hailazimishi miezi yote ifanane.

Hapo kwenye kuhamisha ndo pazuri na ndo watu wengi wanapotea. Kutoa hela benki ukaiweka kwenye simu sio matumizi, hela bado ni yako. Anayeandika daftarini "nimetoa laki" kama matumizi, halafu akinunua mchele kwa laki ileile akaandika tena, ameshaihesabu mara mbili na mwisho wa mwezi hesabu haziji. Kilichotumika pale ni makato tu. Mume wangu akimtumia mama mkwe Kondoa 50,000, tunaingiza kwa mistari miwili, 50,000 inaenda Wazazi na kile kilichokatwa kinaenda akaunti yake inaitwa Makato. Makato ukiyaona kwenye meseji mojamoja ni vihela vidogo, ila programu inayajumlisha mwaka mzima, na siku tulipofungua ile jumla baba watoto aliacha kutuma elfu tano tano, sasa hivi anatuma mara moja kwa mwezi na mama anapokea kilekile.

Vicoba ni hivyohivyo. Hisa unazonunua kila wiki sio matumizi, ni mali yako iko kwa wenzako, na mkopo wa kikundi ukiingia kwenye simu sio kipato, ni deni. Nimeona kina mama wakipokea 300,000 ya mkopo wanaiweka kwenye fungu moja na mapato ya biashara, wanajiona mwezi umekwenda vizuri, marejesho yakianza ni kilio. Kwenye programu mkopo unaufungulia akaunti ya deni, haichanganyiki na mapato, na unaona unadaiwa na nani.

Na LUKU, hapa wapangaji wenzangu naomba msome vizuri. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na kuanzia 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Kwenye risiti inaonekana kabisa, kwa hiyo ukinunua umeme wa 20,000 usiandike yote Umeme, ile 1,500 iweke kwenye akaunti ya kumdai mwenye nyumba. Sisi tukienda kulipa pango tunakwenda na orodha ya tarehe na kiasi, anaitazama, anakata, hatujawahi kubishana naye.

Ila yote haya hayafanyi kazi kama anayejaza ni mmoja. Jumapili jioni watoto wakishalala tunakaa mezani, kila mtu na simu yake, tunasoma zile meseji moja moja, "umetuma", "umepokea", "umelipa", na salio la mwisho kwenye simu lazima lilingane na la kwenye programu mpaka shilingi ya mwisho. Lisipolingana kuna kitu kimesahaulika, tunakitafuta. Wanaume wengi wanalikwepa hili wakidhani ni kuchunguzwa, na mimi nawaelewa, mtu mzima hawezi kuulizwa soda aliyokunywa na mafundi wenzake. Ndo maana tuna akaunti mbili za matumizi binafsi, Ya Baba na Ya Mama, kila mwezi kinaingia kiasi tulichokubaliana na kikishaingia humo hakiulizwi. Bila hizo mbili sidhani kama tungefika mbali.

Niseme na usalama kwa kifupi. App ya bajeti inayotaka ruhusa ya kusoma meseji zako zote na namba za ndugu zako, achana nayo, hasa ikiwa pembeni inakutangazia mkopo wa dakika tano. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na app 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, isomeni. Na kumbukumbu zako usiiachie kampuni moja, app ya bajeti ya kule Marekani iitwayo Mint ilikuwa na watumiaji wengi sana na mwaka 2024 ikafungwa, Microsoft nao waliacha kuuza Money, programu yao ya hesabu za nyumbani, mwaka 2009. Kila mwisho wa mwezi toa nakala, iweke kwenye flashi. Asiye na laptopu achore safu hizohizo kwenye daftari la mistari, imetoka wapi, imeenda wapi, kiasi, itamsaidia sana, ila kujumlisha atajumlisha mwenyewe.

Ombi langu la mwisho ni kwa vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, pale chuo cha informatikia. Kila mwaka mnatengeneza programu za kumalizia masomo, naomba mmoja wenu achukue hii. Tunataka programu ya simu ya Kiswahili, isiyodai bando, inayouliza "mwaka wako unaanza mwezi gani" badala ya "mshahara wako wa mwezi ni shilingi ngapi", inayojua hisa za vicoba, makato ya kutuma na kutoa, na ile 1,500 ya LUKU, na inayokubali watu wawili wajaze kwenye simu mbili. Mkiwa tayari kuijaribu kwenye nyumba za watu, ya kwetu iko wazi.

Mwalimu,
Ipagala, Dodoma