Kura tatu za 1958 zisisahaulike

Mhariri, salamu sana. Naomba nafasi kidogo niongelee hii ishu ya kura tatu, yaani ule uchaguzi wa enzi ya mkoloni ambao kila mpiga kura alichagua watu watatu wa rangi tofauti, manake vijana wengi ninaoongea nao wanamjua Nyerere na Uhuru basi, kura yenyewe tuliipataje hawajui.

Sheria ya mkoloni ya uchaguzi wa 1958 na 1959 hapa Tanganyika ilimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amefika darasa la nane, au awe na cheo fulani kinachotambulika. Sasa babu yangu alikuwa mkata mkonge kule Tanga, hela hiyo angeitoa wapi na shule hakusoma, akabaki kuwaangalia wachache wanaenda kujiandikisha, mpaka uzeeni akilisema hilo sauti inabadilika. Na hata ukiwa na sifa zote, ukiingia kituoni lazima uchague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu! Wengi ndani ya TANU, chama cha Nyerere, walitaka kususia, ndo ukaja mkutano wa Tabora Januari 1958, Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Zuberi Mtemvu, mwenzao ndani ya TANU, hakukubali, akajitoa akaanzisha chama chake. Kufika 1960 masharti yakalegezwa, ukijua kusoma na kuandika Kiswahili inatosha.

Naomba gazeti lenu liwatafute wazee waliopiga zile kura, wahojiwe sasa hivi, waliobaki wote wameshavuka miaka 85.