Papasi asichanganywe na kupe, wala homa yake na malaria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya papasi, mdudu anayejulikana vizuri katika mikoa ya kati ya Tanzania, hasa Dodoma, ambako bado wapo watu wanaolala katika nyumba za tembe zenye sakafu ya udongo. Wengi humhesabu kuwa ni kupe yule yule wa ng'ombe, na hivyo huona kwamba mifugo ikishaogeshwa kwenye josho, kazi imekwisha.

Ni kweli kwamba wote wawili wana miguu minane na ni jamaa moja na buibui, lakini wataalamu wamewaweka katika familia mbili tofauti. Kupe anayeleta ugonjwa wa ndigana kali kwa ng'ombe ni wa familia ya Ixodidae: ana gamba gumu mgongoni na hung'ang'ania mwilini mwa mnyama kwa siku kadhaa. Papasi, yaani Ornithodoros moubata, ni wa familia ya Argasidae. Hana gamba hilo, ngozi yake ni ya mikunjo yenye vinundu vidogo, na ukimtazama kwa juu huuoni mdomo wake, kwa kuwa umefichwa chini ya mwili. Usiku hutoka katika nyufa za sakafu na kuta, akamnyonya aliyelala kwa dakika chache tu, kisha akarudi mafichoni kabla mtu hajashtuka. Josho litampata wapi? Tena huweza kuishi miaka kadhaa bila kula, kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa muda mrefu si ya kuaminiwa.

Papasi anapomnyonya binadamu huweza kumwambukiza homa ya papasi. Bakteria anayeileta, Borrelia duttonii, amepewa jina la Dutton, daktari Mwingereza aliyefariki huko Kongo mwaka 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Mwaka huo huo Robert Koch, mtaalamu wa bakteria Mjerumani, akiwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, aliwaona bakteria hao ndani ya mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba papasi huweza kuanguliwa tayari akiwa na maambukizi.

Linalonisikitisha zaidi ni hali ya zahanati zetu. Homa ya papasi hupanda kwa siku chache, ikashuka, kisha ikarudi, na kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuigundua. Mgonjwa huambiwa hana malaria, akapewa dawa ya maumivu na kurudishwa kwenye kitanda kile kile, ilhali tone la damu lililochukuliwa wakati homa imepanda na kutazamwa kwa hadubini lingeweza kuwaonyesha bakteria hao waliojisokota, na antibiotiki za kawaida zingemtibu. Kwa mama mjamzito ucheleweshaji huo ni hatari kubwa, kwani ugonjwa huu huharibu mimba na huua watoto wachanga.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zenye papasi zisiache hadubini zikae kabatini kwa sababu tu vipimo vya haraka vimefika, na fedha za kuboresha makazi zianzie kwenye sakafu za saruji na kuziba nyufa za kuta.

Msomaji wako,
Dodoma