Ile pikipiki ilikuwa ya baba

Kaka Shabani, shikamoo. Mama mpe shikamoo zangu kwanza, alafu msomee barua yote mpaka mwisho, usiruke ruke kama ile ya mwaka jana.

Hela nimetuma Ijumaa, laki nne na nusu, ni ya bati za jiko la mama na dawa zake za presha. Mchango wa hitma ntatuma mwisho wa mwezi, sijakataa. Ila ba'mdogo usimpe mpaka umemsomea haya ya chini, maana mimi na yeye bado tuna neno.

Neno lenyewe unalijua. Hitma iliyopita Rehema alikuwa amenishikia simu, nilikuwa nasikia kila kitu mpaka vijiko, ba'mdogo akaiangalia ile picha ya ukutani akasema mbele ya watu kwamba ile pikipiki haikuwa ya kaka yake, ilikuwa ya yule bwana shamba Mzungu, alipoondoka akaiacha na baba akawa anajipitishia nayo tu. Watu wakacheka. Nikasubiri wewe mtoto wake mkubwa useme chochote, wewe ambaye kwenye picha hiyo hiyo umekaa juu ya tanki na kaptula yako, ukasema watu waletewe chai. Kaka, lile liliniuma kuliko hata maneno ya ba'mdogo. Nimekaa nalo miezi minane. Baba sikumzika, nlikuwa huku nasubiri karatasi, na hilo ntalibeba mwenyewe, lakini kusikia anavuliwa kitu chake akiwa kaburini na mimi nimenyamaza, hapana.

Sasa sikiliza. Nilimwambia Rehema aipige ile picha kwa simu anitumie. Ya kwanza ilikuja na mwanga wa dirisha umegonga kwenye kioo cha fremu, mbele kote kweupe, taa haionekani. Nyuma ndo paliko wazi. Na kwenye tanki ukivuta unaona herufi tatu, BSA. Kumbe sote tulikuwa tunaiona miaka yote ile kama urembo tu. Birmingham Small Arms, kaka! Birmingham hii ya Uingereza ninayokaa mimi. Walianza kama watengeneza bunduki, na kiwanda chao kilikuwa Small Heath, Armoury Road, mimi nakaa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka pale na nimepita hapo miaka sita naenda kazini bila kujua kwamba ndiko kilikotoka kile chuma cha baba.

Yule babu ninayemhudumia asubuhi, nilishakwambia habari zake, yule asiyependa uji wa moto. Nikiwa namvalisha soksi nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia huyu baba yangu. Akaomba miwani. Alafu akaishika simu kwa mikono miwili, yule mzee ambaye siku zote mikono inamtetemeka, akasema, "Bantam." Kumbe aliingia BSA mwaka 1955 akiwa na miaka 15, akakaa mpaka kampuni ilipoanguka 1973. Nimemhudumia miezi kumi na moja na sikuwahi kumuuliza alifanya kazi gani.

Siku ile nilichelewa kwa mteja wa pili nikasemwa, lakini acha nisemwe. Babu aliongea saa nzima. Akaniambia amezaliwa mwaka 1940, mwaka ule ule ndege za Wajerumani zilipopiga kiwanda usiku wa Novemba 19 wakafa wafanyakazi 53, na vita ilipoisha BSA wakachukua michoro ya pikipiki ya Wajerumani, DKW, wakaigeuza kama unavoiona kwenye kioo, ya kushoto ikaenda kulia, ndo ikawa Bantam. Ndo maana gia na kiki ziko mguu wa kulia. Angalia picha kaka, kiatu cha kulia cha baba kiko wapi. Wewe ulishawahi kuniambia Toyo za saivi gia ni mguu wa kushoto, baba alikuwa anazilalamikia, anasema wameziweka kinyume. Haikuwa uzee ule. Alikuwa anaikumbuka pikipiki yake.

Nikamwambia pia vile mama alivokuwa anasimulia, kwamba baba alikuwa na kopo la kupimia oili anachanganya kwenye petroli na kanzu za kwenye kamba zote zinanuka moshi. Babu akacheka akasema ndiyo hiyo, Bantam zote zinakunywa oili pamoja na petroli. Nilisikia ile harufu pale pale chumbani kwake, nakwambia. Nikamkumbuka mama anavosema akiisikia inakata kona za Soni anaijua ni baba, anaweka maji jikoni, mpaka baba afike maji yamechemka. Huku hakuna kona hata moja, barabara zote zimenyooka, na ukungu wao hauna harufu ya moshi wa kuni. Ningekuwa na uwezo ningeshuka Mombo kesho nipande ile gari ya saa nane nikae dirishani mpaka Lushoto.

Turudi kwa ba'mdogo. Babu aliniambia Bantam ziko za aina nyingi na kila moja ina mwaka wake, ukijua pa kuangalia huwezi kukosea. Za mwanzo, D1 ya 1948, nyuma ama hazina springi kabisa ama zina vile vichuma viwili vimesimama pembeni ya tairi. Ya baba ina shokapu mbili ndefu kama za saivi. Kwa hiyo D1 haipo. Za kutofautisha hasa zikabaki D5 na D7, zote cc 175. D5 ilitengenezwa 1958 tu, D7 ikaanza 1959 mpaka 1966. Na hapo ndo moyo ulinidunda, maana unajua ba'mdogo mwenyewe husema yule Mzungu aliondoka kabla baba hajaoa, na baba na mama wameoana 1958, cheti kipo. Kama ni D5, ba'mdogo anaweza kung'ang'ania kwamba Mzungu aliipata mpya akaondoka. Nikamuuliza babu zinatofautianaje. Akasema taa ya mbele. Kwenye D5 taa haijaungana na foku, vile vyuma viwili vinavyoshika tairi la mbele. Kwenye D7 taa imezama ndani ya kofia ya bati iliyoungana na foku, kama uso mmoja.

Na taa ndo ile iliyofunikwa na mwanga wa dirisha!

Usiku ule ule nikampigia Rehema, nikamwambia itoe picha kwenye fremu, ipeleke uani, usiipige juani, piga kivulini. Mtoto akafanya kama nilivomwambia, Mungu ambariki, simu mpya yake ipo njiani mwambie. Picha ikaingia saa tano usiku nikiwa kwenye basi. Nikaivuta. Kofia ipo kaka, imeungana na foku mpaka chini, na juu yake mkono wa baba na saa yake ya Roma. Nililia kwenye basi watu wakanitazama. Asubuhi babu akaiona akasema D7, hata hakuvaa miwani.

Kwa hiyo ile pikipiki ilikuwa haijatengenezwa popote duniani wakati yule Mzungu anapanda meli. Mwambie ba'mdogo hivo hivo. Na kama atasema mwanamke anajua nini pikipiki, mwambie aliyesema ni mtu aliyezifunga kwa mikono yake pale Small Heath miaka kumi na nane.

Alafu kuna hili. Tangu maneno haya yaanze hakuna aliyemuuliza mama. Mimi nilimuuliza Jumapili. Akanijibu taratibu kabisa, ng'ombe wawili wa Mlola na bangili zake nne za harusi, baba akaenda Tanga na hela kwenye soksi akarudi nayo siku ya pili amejaa vumbi mpaka nyusi. Alikaa kimya pale kwenye hitma kwa sababu hakutaka kumuumbua shemeji yake mbele ya wageni. Bangili zake, kaka.

Mimi saivi nimepanda kazi, nawasimamia wenzangu tisa na nimepewa gari ya ofisi, kwa hiyo Jumamosi nilienda mwenyewe Armoury Road. Hakuna cha maana kilichobaki, kiwanda kile kikubwa kilivunjwa. Nikasimama tu pale na picha ya baba kwenye simu, nikamwonyesha mahali.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Fremu ya ile pikipiki iko nyuma ya banda la kuku, ile tuliyokuwa tunachezea mimi na marehemu Mwanaidi, najifanya nampeleka Bumbuli. Toa majani. Chukua mafuta ya taa na brashi laini, usitumie msasa wala brashi ya waya utazifuta namba, safisha pale usukani unapoingia kwenye fremu. Babu anasema namba ya fremu inaanza na D7, na ya injini inaanza na ED7, kama injini bado ipo chini ya kile kichuguu. Mwite ba'mdogo awepo. Piga picha namba mkononi mwake ukimshikisha tochi, unitumie kabla ya Alhamisi, Alhamisi ndo zamu yangu kwa babu na ameshaniuliza mara mbili.

Mdogo wako,
Zaituni